Refa Aliyeutungia Uchawi Sheria

Kijijini kwetu, kando ya barabara ya kutoka Tinde kwenda Kahama, kila mtu alimwita Refa. Hata mama yake mzazi alimwita Refa, na siku akimkasirikia alimwita "wewe Refa". Jina lake la ubatizo ninalijua, lakini sitalitaja, maana yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo alikuwa anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wasukuma wenzangu mtanisamehe, najua huko ndiko tunakoanzia. Mimi nitamweleza kama nilivyomkuta: mtu mfupi, miguu ya matege, kifua mbele, soksi nyeusi hadi magotini hata siku asiyochezesha mpira. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupima pamba kwenye ghala la chama cha msingi. Mimi niliuza chai na maharage pembeni mwa ghala hilo hilo, kwa hiyo nilimwona Refa mara nyingi kuliko nilivyomwona mume wangu, ambaye alikuwa Geita akitafuta dhahabu na kupata malaria.

Alikuwa na kadi ya njano mfukoni, kipande cha boksi alichokipaka rangi mwenyewe, na aliitumia hata nje ya uwanja. Mlevi akitukana kwenye foleni ya mizani, kadi. Mbuzi wangu akila pamba ya watu, kadi. Mimi nilipewa mara moja kwa sababu ya maharage yasiyoiva, na nikwambie ukweli, niliona aibu kuliko kama ningetukanwa. Watu walicheka, lakini walirudi kwenye mstari.

Jumamosi na Jumapili alichezesha mpira. Alikuwa refa wa daraja la pili na alilitafuta la kwanza kama wengine wanavyotafuta mke. Alikwenda Kishapu, alikwenda Nyasubi, alikwenda mpaka kwenye machimbo ya Geita, ambako wanunuzi wa dhahabu walikuwa wakitoa dume la ng'ombe kwa bingwa. Huko alikutana na uchawi kwa namna ambayo marefa wote wa kwetu wanaijua. Timu inakataa kupita getini, inaruka ukuta. Kipa ananyunyiza kitu golini na kujifanya anafunga kamba ya kiatu.

Siku moja kule machimboni alimkuta kuku mweusi amefukiwa nusu kwenye mstari wa goli. Uwanja mzima ukangoja uone atafanyaje. Refa akamchomoa kuku kwa mguu, akampeleka nje ya uwanja, akarudi na kumpa kipa kadi ya njano.

"Kosa gani?" kipa akauliza.

"Kuingiza mchezaji wa ziada bila kumwarifu mwamuzi."

Nilipomuuliza kama hakuogopa, alinijibu bila kunitazama. "Niliogopa sana, Mama Kulwa. Lakini kuogopa hakumo kwenye sheria za mpira."

Usidhani alikuwa mtu asiyeamini kitu. Huyu huyu hakuanika soksi zake nje hata siku moja. Alizikaushia ndani, juu ya moto wa mama yake, zikanuka moshi, kwa sababu eti soksi ya refa ikichukuliwa mguu wake utapotea njia. Nikimcheka ananionyesha kadi. Ila alikuwa na neno alilolirudia mpaka tukalizoea. "Uchawi mimi sina ugomvi nao," alisema. "Ugomvi wangu ni kwamba hauna refa. Mtu anaumwa tumbo Jumatatu, Jumanne keshamtaja jirani. Nani alipuliza filimbi? Nani aliona?"

Ndiyo maana ule mchezo ulimshika. Mwanzoni mwa miaka ya tisini lori la chama liliharibika Tinde wakati wa mvua, na Refa akakwama huko kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza vitenge na vipuri. Kijana wa mwenye duka alikuwa amerudi likizo kutoka masomoni Ulaya, amechoka na mvua, amechoka na kupanga boliti. Akamfundisha Refa mchezo wa huko. Hauna bao wala kete. Mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo, askari au mwizi au mganga. Msimulizi anakwambia umefika mtoni, mto umefurika, unafanyaje? Unasema utakalofanya, kisha dadu inaamua kama umeweza. Dadu yenyewe ilikuwa na pande nyingi mno, ukiirusha inachelewa kutulia. Refa alipewa moja akarudi nayo mfukoni. Sheria za kupigana na za kusafiri alizikumbuka zote. Sheria za uchawi yule kijana hakufika kumfundisha, maana lori lilipona.

Mwingine angeuacha uchawi nje ya mchezo. Refa alifurahi kama aliyepewa shamba lisilo na mwenyewe. Akaanza kuzitunga yeye.

Tulicheza jioni, mizani ikishafungwa, tumekaa juu ya marobota ya pamba. Tulikuwa wachache: mimi, dereva wa trekta, na Kamanda. Huyu Kamanda alikuwa kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mrefu mkimya, upinde wake hauachi. Wezi wa ng'ombe walimwogopa, na sisi tusio wezi pia. Kwenye mchezo alikuwa mganga mkuu wa nchi yetu ile, na hapo ndipo tu nilipomwona akicheka.

Sheria za Refa hazikuja siku moja. Kila tulipotaka kufanya jambo la ajabu alinyanyua mkono, akafikiri, akatoa uamuzi, na uamuzi ukishatoka haukurudi. Kamanda alitaka kumpiga radi adui aliyekuwa ng'ambo ya mlima. Refa akakataa. Uchawi una mpaka kama uwanja, alisema, haupiti mstari isipokuwa umebebwa na mtu kwa mikono yake. Mimi nilitaka kumponya ng'ombe wangu. Akaniruhusu, ila nilipe kwa kitu changu mwenyewe, si mbuzi, si kuku wa mtu. Nikalipa kwa ladha ya asali. Tangu siku ile mtu wangu mchezoni hakuonja asali tena, na tusichekane, mimi mwenyewe nikajikuta nakunywa chai bila sukari. Kamanda alilipa kwa mluzi wake ili kufunga mlango wa pango. Basi asubuhi yake nikamwona akiwaswaga ng'ombe wake halisi kwa fimbo tu, kimya, mdomo umefungwa. Nilidhani ni utani, kumbe mwenzetu alikuwa hatanii.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ni kwamba hakuna uchawi wa kimyakimya. Ukitaka kuroga, simama, sema kwa sauti mbele ya wote unamroga nani na kwa nini. Ukinuia moyoni tu, haushiki. Dereva wa trekta alilalamika kwamba uchawi wa namna hiyo hauna utamu. Refa akamwambia, "Huo mwingine wenye utamu umeshaua watu wangapi huku kwetu?"

Na ipo nyingine, aliyoitoa jioni moja bila kufikiri sana. Tulikuwa tumemkamata malkia mchawi, bibi kizee, na Kamanda alikuwa anataka auawe. Refa hakupenda. Mama yake alikuwa amekaa pale pembeni anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya uji, na nadhani Refa alimtupia jicho. Akasema upo mlango mwingine: mmoja wetu akisimama kuwa mdhamini wa malkia, uchawi wake utalala, maadamu mdhamini hatoki nje ya mpaka hadi mmoja wao afe. Mtu wangu mimi akasimama. Malkia akapona, na mtu wangu akabaki ndani ya ngome ya malkia yule, nikalazimika kuanza na mtu mwingine. Nilinuna wiki nzima kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Sasa huyo mama yake. Alikuwa mjane, mwembamba, mpole kwa watoto na mkali kwa kuku, na alikuwa na macho mekundu. Ni bibi gani wa umri ule kwetu asiyekuwa nayo? Kuni zilishakwisha zamani. Umri mzima wamepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Lakini miaka ile macho mekundu yalitosha mtu kuitwa mchawi. Kutajwa tu kulikuwa nusu ya kufa. Vibibi vilikatwa mapanga, na asubuhi majirani wote wakawa hawakusikia kitu.

Mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Baba yake akaenda kupigiwa ramli upande wa Kishapu, akarudi na maelezo: mwanamke mzee, mjane, anakaa upande linakochwea jua. Mpiga ramli hakutaja jina, na hakuhitaji. Refa wakati huo alikuwa ameitwa Dar kufanya mtihani wa daraja la kwanza, na akifaulu angehamia Mwanza. Begi lake lilikuwa mlangoni. Nilimwambia achukue mama yake waondoke wote siku hiyo hiyo. Alikuwa tayari. Mama ndiye aliyekataa.

"Nikikimbia nimekiri," alisema. "Na habari inapanda basi kama mtu. Itatukuta hukohuko."

Baraza la sungusungu likakaa ghalani mchana kweupe, kijiji kizima. Kamanda mbele, upinde magotini. Baba wa marehemu akasema yake akilia, na mimi nilimwonea huruma, sitasema uongo. Kisha Refa akasimama. Wote tulitegemea aseme uchawi haupo. Hakusema. Alijua akisema hivyo mbele ya mtu aliyezika mwanawe, mama yake hamalizi wiki. Akasema uchawi una sheria, na ya kwanza ni kwamba hauwi wa kimyakimya. "Nani hapa alimsikia mama yangu akimtamkia mtoto huyu neno baya? Anyanyue mkono." Hakuna aliyenyanyua. Watu wakaanza kunong'ona, na nilihisi upepo unageuka upande wetu.

Kamanda akainua kichwa. "Refa, nakuuliza. Hizo sheria zako ni za kweli au ni za mchezo?"

Hapo Refa alibanwa. Akisema za mchezo, hoja yake imekufa na mama yake pamoja nayo. Akisema za kweli, hajui Kamanda anampeleka wapi.

"Ni za kweli," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Basi na ile ya malkia ni ya kweli," Kamanda akasema. "Mama huyu hataguswa na mtu. Wewe ni mdhamini wake. Hutoki nje ya mpaka hadi mmoja wenu afe."

Akautaja mpaka palepale: kutoka kwenye kalavati la barabara kuu hadi njia ya ng'ombe. Kijiji kikaitikia. Baba wa marehemu akaitikia pia, na hapo ndipo nilipojua mama amepona. Refa akakaa chini, akawa anazivuta soksi zake juu, moja baada ya nyingine.

Nilimchukia Kamanda kwa miaka. Baadaye nikaanza kudhani alikuwa anatafuta mlango wa kumtoa mama yule hai bila yeye kuitwa mwoga, na mlango aliouona ni ule tu aliotengenezewa na Refa. Pengine yote mawili ni kweli. Sikuwahi kumuuliza.

Sasa msikie jambo la kutia uchungu hata ukicheka. Njia ya ng'ombe ile ilipita katikati ya uwanja wetu wa mpira. Goli moja lilikuwa ndani ya mpaka, goli la pili nje. Refa akaendelea kuchezesha, lakini alikimbia mpaka njiani akasimama, akanyoosha shingo. Wachezaji wakajifunza haraka. Nusu ile ya mbali ikawa ya kupigana viwiko na kuvutana jezi, na nusu ya karibu watu wakacheza kwa adabu kama kanisani. Siku moja mtu alivunjwa mguu golini kule. Refa alisimama kwenye ukingo wa njia anapuliza filimbi, anapuliza, hakuna anayemsikiliza, na machozi yanamtoka mbele ya watu.

Siku ya mtihani ilipita bila yeye. Wachimbaji wa Geita walimletea gari la kumchukua kwa ajili ya fainali yao, likapiga honi nje ya ghala. Akawaambia ana mgonjwa. Walirudi mara nyingine, kisha wakaacha. Mchezo wetu wa jioni nao ulikufa. Alijaribu kutusimulia nchi ile bila uchawi, lakini bila uchawi ikawa kama Tinde tu.

Akabadilika. Alikuwa mpole kwenye mizani, akawa mkali. Kadi ya njano akaiacha, akawa anafoka. Mabasi aliyajua kwa mlio, na kila lililopita alinyamaza mpaka mlio uishe ndipo amalize sentensi yake. Kwa mama yake tu hakupandisha sauti hata mara moja. Alimchotea maji, alimsongea ugali, na akiumwa kichwa kidogo tu alimtafutia dawa kwa haraka iliyonitia shaka, kama mtu anayeogopa kushukiwa. Siku moja aliniambia, tukiwa wawili ghalani, "Mama Kulwa, mtu akifungwa na serikali anajua tarehe ya kutoka. Mimi tarehe yangu ni msiba wa mama yangu. Nitaiombea vipi?" Nilimwongezea chai, ndicho nilichoweza.

Mama yake alikuwa nyuma ya ukuta anafagia. Ufagio ulisimama, kisha ukaendelea.

Mimi nilihamia Nyasubi, mjini Kahama, mume wangu aliporudi na pesa kidogo na kifua kibovu. Miaka ikapita. Baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa madaraja, nilimkuta Kamanda sokoni. Hana upinde, amevaa tai. Alikuwa anaishi machimboni Geita na alikuwa ameokoka. Nilipomtajia Refa alishika kichwa. "Bado yupo mle? Mwambie aende zake, dada. Mambo yale ya giza mimi nimeyaacha."

Kesho yake nilipanda basi. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, watu wakaniona mwehu. Nikamkuta Refa nje ya nyumba yake, mvi kichwani, soksi zilezile. Nikampa habari.

"Alisema mbele ya watu?" akaniuliza.

"Aliniambia mimi."

"Kamanda alinifunga mbele ya kijiji. Hawezi kunifungua sokoni, katikati ya nyanya."

"Nani anakumbuka sasa, Refa? Vijana wa siku hizi hata hawajui!"

"Baba wa yule mtoto anakumbuka. Nikivuka leo, kesho mtoto wa mtu akaharisha, watahesabu kuanzia siku niliyovuka. Nitakuwa Mwanza na filimbi mdomoni, mama atakuwa hapa peke yake."

Nilikasirika. Nilimwita mjinga. Alinitazama tu, na mkono wake hata haukwenda mfukoni kutafuta kadi. Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani.

"Mama Kulwa, nyumba yako ina vyumba vingapi?"

Mama yake alitoka akipapasa ukuta. Macho yale mekundu yalikuwa yameingia ukungu mweupe. "Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Vyumba vingapi?"

"Viwili, mayu."

"Majirani zako wananijua?"

"Hawakujui."

"Basi kesho nakwenda na wewe."

Refa akasimama. "Mama, wewe ndiye uliyesema ukitoka umekiri."

"Nilisema. Sasa nakiri."

"Unakiri nini? Hujafanya kitu!"

"Sheria yenu inamfunga mdhamini. Mimi hainifungi. Mchawi akitoroka akaonekana na kila mtu, mdhamini anamlinda nani? Niambie wewe mwenye sheria." Alingoja. Refa akainama kuvuta soksi. "Mimi zimenibaki siku chache za kuitwa mchawi, mwanangu. Wewe bado unazo za kutembea."

Asubuhi Refa alimbebea mama yake furushi mpaka kwenye kalavati. Hapo akasimama. Nikavuka mimi, akanipa furushi kwa juu, mikono yake ikabaki imenyooka hewani. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwachia, akavuka akiwa ameshika bega langu. Kituoni palikuwa na watu, wauza karanga, wasafiri, na baba wa yule mtoto akiwa na baiskeli yake. Basi likafika. Nilikuwa nimeshamwinua mguu mmoja kwenye ngazi alipogeuka akapaza sauti, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Sikieni! Mimi ndiye niliyekuwa naroga! Mwanangu hakujua kitu, hana kosa, na mimi naondoka na uchawi wangu!"

Hakuna aliyesogea. Nilimsukuma ndani ya basi, nikamwambia kondakta aondoe gari kwa jina la Mungu. Likaondoka. Mama alikaa, akafunga kanga vizuri kichwani, akaweka mikono mapajani. Alikuwa anapumua kwa taabu.

"Amevuka?" akaniuliza.

Nikachungulia dirishani. Refa alikuwa amesimama palepale, ncha za viatu vyake kwenye ukingo wa kalavati, anatutazama.

"Amevuka, mayu," nikamwambia.